Ufunguo wa Gari la Marehemu Zefania

Hili sikusimuliwa. Nilikuwepo gereji pale Same, nimeegemea tangi la maji, na macho yangu mnayajua: yakikitazama kitu, kitu chenyewe kinaona haya. Mwenye ushahidi mwingine aulete tupimane.

Gereji ile ilikuwa na mafundi umeme watatu, na kila mmoja Mungu alimzidishia kiungo kimoja. Sifueli alizidishiwa masikio. Gari likipita barabarani alikwambia, bila kugeuka, ni plagi ipi imechoka. Mbazi alizidishiwa vidole. Alipapasa waya kama mganga anayeshika mshipa wa mgonjwa, akajua ulipobanwa. Na Nanzia, mwanamke pekee pale, alizidishiwa pua. Huyo alinusa ovaroli yako akajua jana ulilala chini ya gari la nani.

Wala hawakuaminiana. Kila mmoja aliondoka jioni na spana zake kwapani.

Asubuhi moja likaletwa gari la Bi Nakijwa, linavutwa kwa kamba. Lilikuwa la marehemu mumewe, Zefania, gari la kizamani lenye taa za duara kama macho ya mtu aliyeshtuka. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekata shauri: likiwaka siku hiyo, mjane afanye nalo apendavyo, lisipowaka, likatwekatwe liuzwe chuma chakavu. Shemeji yake, Mzee Eliamini, alikuwa ameshafika na wanunuzi na mizani yao. Walikaa kivulini wakilitazama gari kama watu wanavyomtazama mbuzi wa sikukuu.

Bi Nakijwa hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Heri gari liwe la mtu, aliwaza, kuliko kuwa la mizani. Akainua ufunguo juu, watu wote wauone.

"Atakayeliwasha, gari ni lake. Sharti langu ni kwamba Jumapili anipeleke kanisani, na nikae mbele."

"Basi lisukumwe tu," akasema Mbazi.

"Mume wangu hakuuza maji. Gari lake halisukumwi kama mkokoteni!"

Ufunguo wenyewe hakumpa mtu. Alikaa kwenye usukani mwenyewe, shingo imetoka dirishani, akiwachunga. Maana kwetu gari haliachwi gereji peke yake. Ukiligeuzia kisogo, kifaa chako kizima kinatoka na kichovu cha mwenzako kinaingia. Bi Nakijwa alikuwa amejihami tangu nyumbani: betri ilipopelekwa kuchajiwa na nyaya zimefunguliwa, alipaka kila kifaa alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Akiona kitu kisicho na wekundu, mwizi ameshikwa. Siri hiyo aliijua yeye na chupa yake.

Sifueli akafumba macho. "Geuza, mama."

Gari likasema *ka!* Taa zikafifia, kimya.

"Tena."

*Ka!*

Mbazi alikuwa ameshashika bisibisi afumue swichi na dashibodi yote. Sifueli akamshika mkono. "Acha. Betri nzima, swichi nzima. Umeme unafika kwenye stata, unagonga mlango, unakosa nguvu ya kuingia. Kuna mahali unabanwa."

Bi Nakijwa akakunja uso. Amejuaje upesi hivyo? Anayejua mwizi alipojificha, huenda walikuja pamoja.

Zamu ikawa ya Mbazi. Mama akageuza na kugeuza, naye vidole vyake vikatembea juu ya waya, kiungo hadi kiungo. Waya mnene wa hasi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kufungwa kwenye bodi, ulikuwa baridi. Lakini alipogusa ulipofungiwa, akaruka.

"Mama yangu! Hapa panachoma kama sufuria! Umeme unabanwa hapa hapa!"

Akatia spana. Nati haikusogea, imekaza barabara. Akakuna kichwa. "Basi waya umeoza kwa ndani. Utolewe, tutafute mwingine."

"Ahaa!" Bi Nakijwa akatoka nje mpaka kiunoni. "Ndiyo mnavyoanza! Wa Zefania utaupeleka wapi?"

"Mama, nani anautaka waya wako?"

"Wewe. Nakuona macho."

Mzee Eliamini akasimama kivulini. "Shemeji, niwaite wenye mizani?"

 Nanzia akainamisha pua mpaka ikakaribia ile nati, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Waya ukiungua unanuka mpira," akasema. "Hapa pananuka saluni."

Watu wakacheka. "Unajinusa mwenyewe!" Sifueli akamtania.

"Mimi nanuka girisi, kaka, kama wewe."

Akafungua nati, akatoa pete ya chuma iliyo mwishoni mwa waya. Wekundu mtupu! Juu, chini, hadi kwenye bodi pale ilipoegemea.

"Nani kaifunika na blanketi hivi? Umeme utapita wapi?"

Mikono ya Bi Nakijwa ikateleza polepole chini ya kanga.

Nanzia akachukua msasa, akasugua mpaka chuma kikang'aa pande zote, akafunga. "Geuza, mama."

Gari likakohoa, likanguruma! Wanunuzi wakabeba mizani yao. Mzee Eliamini akashtuka hadi kofia ikamdondoka.

Lakini Upareni kesi haifi eti kwa sababu gari limewaka.

"Bila masikio yangu," Sifueli akadai, "saa hizi mngekuwa mnaokota vipande vya swichi."

"Na bila vidole vyangu," akasema Mbazi, "huyo dada angenusa wapi? Gari zima?"

"Mmoja wenu alishaagiza waya mwingine, mwenzake akanicheka," akasema Nanzia. "Aliyeliwasha ni msasa wangu."

Mzee Eliamini akapenya katikati. "Gari halikuwa bovu! Limepakwa rangi, na kucha za shemeji hizo hapo, zitazameni. Hakuna ubovu, hakuna fundi, hakuna zawadi. Ahadi imekufa, gari libaki kwenye ukoo!"

Bi Nakijwa akazima gari, akachomoa ufunguo, akashuka. "Nilipaka mimi. Niliogopa wezi."

Sifueli akamtazama Mbazi, Mbazi akamtazama Nanzia. Kwa mara ya kwanza watatu wale wakakasirikia upande mmoja.

"Mama, wezi ndio sisi?"

"Ndio ninyi," akajibu, "na bado sijaacha kuogopa."

Lakini ahadi alishaitoa mbele za watu. Mikono mitatu yenye girisi ikanyooshwa kwake, na wa nne wa shemeji, msafi. Bi Nakijwa akautazama mmoja, akautazama mwingine, ufunguo ameubana kifuani.

Niwe mkweli: kofia ya Mzee Eliamini nimeitia mwenyewe. Mzee yule alikuwa kichwa wazi. Mengine yote yalikuwa hivyo hivyo, na mama wa watu bado amesimama pale, hajui nani wa kumwamini.

Haya, mnaonisikiliza. Mwenye masikio, mwenye vidole, mwenye pua, au ukoo? Je, ufunguo ule ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani?