Goti la Mjenzi

Hodi, nyinyi mliokaa.
Karibu.
Nije na nini?
Njoo na ngano.
Ninayo, lakini imekwama kizingitini.
Basi ianzie hapo hapo.

"Goti ni goti," alisema Kiboko. "Tulikubaliana kizingiti kisipite goti. Hiki hapa. Kimepita goti?"

"Goti la nani?" akauliza Nguchiro.

"Langu."

Ugomvi ulikuwa huo, mbele ya nyumba mpya ya Bibi Paa, na Bibi Paa mwenyewe yuko nje. Mawingu yalikwisha kukaa juu ya kilima kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Na nyumba zile zilikuwa na sharti: asiyehamia kabla ya mvua ya kwanza ya masika, nyumba yake inarudi kwa mwenye kilima. Mwenye kilima nani? Kiboko.

Sikilizeni ilivyokuwa. Mafuriko yalibomoa makao yote ya bondeni. Kiboko akasema kilima ni chake, atawajengea wanyama nyumba mpya huko juu, nao wampe malisho yote ya kando ya mto. Wakampa. Kazi wakafanya wao. Nguchiro alikata fito. Mchwa walisomba udongo wakasimamisha kuta. Bibi Paa alileta nyasi za kuezekea. Alizileta kwa miguu mitatu, maana wa nne ulibaki kwenye mtego wa waya. Kwatu, kwatu, kwatu, halafu kimya. Kwatu, kwatu, kwatu, halafu kimya. Kiangazi kizima kilima kilimsikia hivyo.

Nyumba zikaisha. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini kila kizingiti kilimfika Bibi Paa kifuani.

Akainua mguu, akashusha mguu. Kizingiti kiko pale pale. Akarudi nyuma akaja mbio, akaanguka, pu. Akainua mguu, akashusha mguu. Kizingiti kiko pale pale. Nguchiro akamwambia atambeba. Bibi Paa akakataa.

"Leo utanibeba, mjukuu wangu. Kesho nikitaka kwenda haja, nimwite nani?"

Kiboko alicheka mpaka tope likamdondoka shavuni. Akasema, kwani paa anatafuta nini mlangoni? Paa mahali pake ni juu ya nyumba. Wakacheka na wengine, wale waliokwisha kuingia kwao.

Nguchiro hakucheka. Alimwomba Kiboko aseme mbele ya wote, ili yaishe, goti la kupimia nyumba ni goti la nani. Kiboko akavimba. Akalitoa neno kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto.

"Goti la mjenzi. Mjenzi ndiye kipimo."

"Mmesikia?" akauliza Nguchiro.

"Tumesikia."

Nguchiro akasema basi ameshindwa, akateremka bondeni mkia chini. Hakukawia. Alirudi anahema, he he he he, manyoya yote matope, akasema kule nyuma ya kilima ukuta umemwangukia ndama wa Nyati. Nyati anakuja na pembe zake, na anauliza jambo moja tu: mjenzi ni nani.

Hapakuwa na ukuta ulioanguka. Hapakuwa na ndama. Nyati siku hiyo alikuwa amelala zake.

Kiboko akaitazama njia. Akautazama mto, akauona uko mbali.

"Mimi sikujenga," akasema.

"Hukujenga, Bwana Kiboko?"

"Sikushika hata tonge la udongo. Waulize hawa. Mimi nilikuwa majini. Waliojenga ni mchwa."

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Basi mchwa aje," akasema Nguchiro, "tumpime goti."

Akaletwa mchwa mmoja juu ya jani. Wote wakainama. Huyu akasema goti hili hapa, yule akasema hapana, hicho kiwiko. Wakalitafuta mpaka macho yakawauma. Mwisho wakakubaliana kwamba lipo, ila ni chini kuliko unene wa ukoka. Kizingiti cha namna hiyo Bibi Paa angekivuka akiwa usingizini. Na iwe hivyo kwa kila nyumba pale kilimani, na kwa zitakazojengwa baadaye, kwa neno la Kiboko mwenyewe.

Kiboko akasema sawa, vizingiti vitashushwa, na nyumba ya Bibi Paa hataichukua. Kesho mchwa wataanza kazi.

Ningependa ngano iishie hapo. Haiishii hapo.

Jioni ile mvua ikaja. Ndo, ndo, ndo, kisha shaaa. Mchwa wakaota mbawa, wakawa kumbikumbi, wakaruka, fururu, kila mmoja njia yake. Waliobaki wakazama ardhini. Asubuhi mbawa tupu zilikuwa zinaelea kwenye madimbwi. Kiboko akasema yeye neno lake liko pale pale, ila mjenzi hayupo. Na mjenzi ni nani, si mlilithibitisha wenyewe? Akaingia mtoni, chubwi. Yakabaki masikio.

Nguchiro akasimama kwenye mvua, ujanja wake umemrudia mwenyewe. Akaenda kukikwaruza kizingiti kwa kucha, kwaru, kwaru. Udongo wa mchwa ukikauka ni jiwe. Kwaru, kwaru, mpaka damu. Akapata kijishimo cha kupita panya.

Bibi Paa alilala ukutani, chini ya ukingo wa paa aliloliezeka mwenyewe, nusu yake kavu, nusu yake inanyeshewa. Kho, kho, kho, halafu kimya. Ndani ya nyumba yake hapakuingia hata tone.

Ngano yangu iko mlangoni, nani anaifungulia?
Tunaifungulia.
Basi inatoka, mwenye kuweza kuvuka aifuate.

Na funzo lake ni hili, mlishike vizuri. Kabla hujahamia nyumba mpya, ota miguu mirefu. Ukishindwa, kosa ni lako. Kiboko msimseme vibaya: alisema goti, na goti akalitoa.

Nguchiro hajalisikia funzo hilo. Kila kukicha huteremka mtoni, husimama mbele ya yale masikio mawili, na husema lile lile.

"Bwana Kiboko, toka majini. Kizingiti cha Bibi Paa kishushwe leo."