Mashine ya Mzee Kingaru Yasusa Maji

Mzee Kingaru alifunga bomba la mtaa mzima ili maji yaingie kwake peke yake. Wiki hiyohiyo mashine yake ya kufulia ikagoma kujaa maji. Ilinguruma tu, na ndani imo kanzu ya kuvaa kesho harusini kwa bintiye.

"Tunu!" alimfokea mtumishi wake. "Hii ina nini?"

Bi Tunu akaitegea sikio. "Imevimbiwa, mzee. Maji ya mtaa mzima yanaisukuma peke yake, imeziba koo. Wafungulie majirani, nguvu ipungue."

"Niwafungulie wale?"

"Basi kesho uvae hiyohiyo yenye mchuzi."

Mzee akatoka mbio kulifungua bomba. Ndoo zikagongana mtaani kwa furaha. Aliporudi alimkuta Tunu ameinama nyuma ya mashine, na maji yanaingia chwaaa!

"Kumbe! Na nikilifunga tena?"

"Itasusa tena, mzee wangu."

Jioni majirani walimzunguka Tunu wakitaka kujua alivyofanya.

"Nyuma ya mashine kuna koki ndogo," akawaambia. "Asubuhi niliifunga, mchana nikaifungua. Mzee hataiona kamwe. Tangu atajirike, hajawahi kuinama."