Mkono Uliowasha Moto

Hapo zamani, Injili ilipokuwa bado changa katika milima ya Upare, mtu mmoja aitwaye Senkoro aligombana na jirani yake juu ya mfereji wa maji. Hasira zikampanda, akaichoma nyumba ya jirani. Hakujua kwamba mwenye nyumba alikuwa amelala ndani. Jirani akafa, na Senkoro akakimbilia nyikani.

Marehemu aliacha kaka yake, Mbonea, na mjane, Nakiete. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa. Kila Jumapili Mbonea alisimama akamwombea Senkoro kwa jina, Mungu amrudishe, amwokoe. Kila Jumapili Nakiete, akilisikia jina lile, aliinuka akatoka nje, akarudi sala ikiisha. Hakuna aliyemlaumu.

Miaka ikapita. Jumapili moja Senkoro akaonekana mlangoni pa kanisa, amekonda, anajishikilia ukutani. Akasema amekuja kuomba ubatizo, na baada ya hapo wamfanye watakavyo.

Mchungaji akamsikiliza, kisha akauliza nani atakuwa mdhamini wake, kwani pale hakuna aliyebatizwa bila mtu wa kumshika mkono na kumpeleka kwenye maji. Macho yote yakamgeukia Mbonea. Mbonea akajaribu kuinuka. Akashindwa. Akainamisha kichwa.

Ndipo Nakiete akainuka. Wakadhani anatoka, kama kawaida yake. Akafika mlangoni, akasimama mbele ya Senkoro, akautazama mkono wake wa kuume, ule uliowasha moto. Akaushika. Wakatembea pamoja hadi mbele. Mchungaji akammiminia Senkoro maji, akambatiza.

Walipotoka nje, watu walisema kwa kunong'ona, kama walioogopa kukanyaga ardhi. Wakaulizana neema ya siku ile ilimshukia nani zaidi.

Senkoro akasema, "Ni mimi. Sikuja na kitu ila damu mkononi, na mkono huo umeshikwa. Nani amepewa asichostahili kuliko mimi?"

Nakiete akatikisa kichwa. "Nilipokuwa nimekaa, sikuwa nimesamehe. Niliposimama, nilikuwa nimeshasamehe. Hapo katikati palitokea nini, mimi sijui. Yeye kapewa maji. Mimi nimepewa moyo mwingine."

Mbonea akamgeukia Nakiete. "Shemeji, nimeomba miaka yote hiyo, na leo nimeona kwamba moyoni sikutaka arudi. Sala yangu ilikuwa ya mdomo tu, na Mungu kaijibu. Mimi ndiye nisiyestahili hata kusikilizwa, na nimesikilizwa."

Kisha akamwendea Senkoro, ambaye hakuwa na nguvu za kupanda mlima, akampa bega. Wakapanda taratibu, Nakiete akiwafuata nyuma, na watu wakabaki wamesimama, wakiwatazama mpaka walipopotea kwenye ukungu.

Haya, ninyi mlioketi hapa. Mtoaji ni mmoja, na hakumpunja yeyote. Lakini kati ya hao watatu, je, nani alipokea neema iliyo kubwa zaidi?