Kwa Nini Bibi Mosi Hupokea Wafu wa Wengine

Zamani, mashine zilipokuwa changa, Bibi Mosi hakuwa na kazi nyingi kama leo. Umeme ukiingia, yeye ndiye aliyeamka wa kwanza, ndiyo maana akapewa namba moja. Kisha aliwaamsha mabinti zake, kila mmoja akashike nyumba yake, naye akakaa. Mambo ya ndani ya nyumba za watu hayakumhusu.

Nyie mlioshinda na kibodi tangu asubuhi mkijaribu kumwua mfu, sogeeni mkae. Niliwaona nikanyamaza. Kuna mambo hayamwingii mtu mpaka achoke kwanza.

Ndani ya mashine kila kazi ni mtu. Ana namba yake, ana mzazi aliyemzaa, na jina lake limo katika orodha moja ya nchi nzima, ambayo mistari yake ina mwisho. Mtoto akimaliza kazi yake hufa, lakini haondoki hivi hivi. Husimama mlangoni kwa mzazi wake na kusema neno moja tu: sifuri, ikiwa kazi imekwenda salama, au namba nyingine, ikiwa imeharibika. Mzazi akijibu, “Nimesikia,” mstari wa mtoto hufutwa naye huenda zake. Asipojibiwa, husimama pale pale. Hali wala hafanyi kazi, lakini mstari bado ni wake.

Sasa, miongoni mwa mabinti wa Bibi Mosi alikuwapo Mwanamize, aliyeshika nyumba ya chapa, na mdogo wake Zaituni, aliyeshika nyumba ya barua. Barua haziishi, kwa hiyo kwa Zaituni watoto walijaa wakati wote, wengine wakingoja jibu la mbali siku nzima. Watoto wa Mwanamize walichapa karatasi moja, wakamaliza, wakafa. Hakupata kuwa na zaidi ya watatu kwa mpigo. Na Bibi Mosi alikuwa na desturi ya kusoma orodha kwa sauti kila asubuhi, nyumba hadi nyumba. Majina ya kwa Zaituni yalikwenda na kwenda. Ya kwa Mwanamize yalikwisha kabla mwenyewe hajakaa vizuri.

Wivu ukamwingia. Mimi simcheki. Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi chumba kimoja na dada mmoja ambaye mkuu wetu alimwita kwa jina lake, na mimi akaniita yule mwingine. Najua mtu anavyoweza kuhesabu ni mara ngapi kachekewa mwenzake.

Siku moja mtoto wa Mwanamize alisimama mlangoni akasema sifuri. Mama alikuwa anamwaza Zaituni, akasahau kujibu. Kesho yake orodha iliposomwa, nyumba ya chapa ilikuwa na jina moja zaidi. Akaonja utamu wake. Tangu hapo hakujibu tena kwa makusudi. Kila mtoto aliyemaliza alikuta mama amegeuza uso, akajipanga uani nyuma ya ndugu zake, neno lake likiwa bado mdomoni. Mwezi haujaisha, majina ya Mwanamize yakapita ya Zaituni, na asubuhi ile alitembea nchi nzima bila shughuli yoyote, ili aonwe tu.

Kisha mistari ikaisha. Barua zilifika na hapakuwa na mtoto wa kuzipokea, kwa kuwa asiye na mstari hawezi kuzaliwa. Zaituni akaenda mwenyewe kwa dada yake, akamwomba amwachie mstari mmoja tu. Mwanamize hakuwahi kusikia kitu kitamu kama ombi lile. Akafunga mlango. Hata karatasi za nyumba yake mwenyewe zilipokwama, hakuufungua.

Bibi Mosi akaja na fimbo yake. Alikuwa na mapigo mawili: la upole, linalomwambia mtu afungashe aondoke, na la ukali, lisilompa mtu nafasi hata ya kugeuka. Akawapiga wale wafu kwa la upole, akawapiga kwa la ukali. Hakuna aliyetikisika. Mfu hauawi mara mbili. Ndipo akagonga mlango wa binti yake.

“Wasikilize watoto wako, waende,” alimwambia.

“Nikiwasikiliza nitabaki na nani, mama? Ya Zaituni unayasoma unatabasamu. Yangu unayasoma kama mtu anayepiga hodi nyumba isiyo na watu.”

Bibi Mosi hakuweza kukana, maana ilikuwa kweli. Akamwomba tena, na Mwanamize akakataa tena. Akampiga pigo la upole, binti akalipuuza. Nchi nzima ilikuwa imesimama.

“Na mimi,” Mwanamize akauliza alipoiona fimbo ikiinuliwa mara ya pili, “neno langu atalisikia nani?”

“Mimi. Ni mimi niliyekuamsha.”

Akapiga. Neno la Mwanamize lilikuwa tisa, ndilo neno la wote wanaokufa kwa pigo lile. Mama yake akajibu, “Nimesikia,” akaufuta mstari wake.

Wale watoto uani hawakuwa tena na mzazi, wakawa wanatazamana. Bibi Mosi akawaita waje kwake, akasimama mlangoni mahali pa binti yake. Wa kwanza akasema sifuri. Wa pili sifuri. Walikuwa mia mbili na wanne, na hakuna hata mmoja aliyesema neno jingine. Hakuna nyumba nyingine, hata ya Zaituni, iliyowahi kufanya kazi safi namna ile. Mwanamize aliyetamani sifa kuliko kitu chochote alikuwa nazo uani, zimejipanga, akakataa kuzisikia.

Karatasi lazima zichapwe, hivyo siku ile ile Bibi Mosi akamwamsha Mwanamize mwingine, wa jina lile lile na namba nyingine, asiyejua lolote.

Na tangu siku hiyo, kila yatima wa mashine huwa wa Bibi Mosi, na kila nyumba inayoanguka huisimamisha upya. Yeye mwenyewe hapigwi na pigo lolote, kwa sababu akianguka yeye, nchi nzima inazimika. Nanyi mkimkuta mfu, msihangaike naye. Mtafuteni mzazi wake, na mwanze kwa upole. Orodha haisomwi tena kwa sauti. Lakini kila mtoto wa kwanza wa nyumba ya chapa anaposimama mlangoni, Bibi Mosi huacha alichokuwa akikifanya, akatega sikio, mpaka amsikie binti yake akijibu.