Mchungaji Aliyeketi Benchi la Mlangoni

Imepokewa kutoka kwa wazee wetu wa Upare, Mungu awajalie raha ya milele, kwamba hapo zamani palikuwa na mchungaji mmoja jina lake Elisafi, mja mnyenyekevu, mrefu wa mwili na mfupi wa maneno, isipokuwa akiwa mimbarini. Kijiji chake sitakitaja, kwa sababu wajukuu wa wahusika wangalipo, nao hupenda kusikia habari za babu za wenzao kuliko za babu zao.

Sisi wachungaji tunapenda sana visa ambavyo mchungaji ndiye anayesamehe. Hiki si kisa cha namna hiyo, na nimeona heri nikiandike kabla hatujakisahau kwa makusudi.

Asiyeijua milima ile aelewe kwanza habari ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilolichimba mababu juu ya mashamba. Maji ya kijito hujaa humo usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu hulizibua tundu lake, maji yakateremka kwa mfereji hadi shambani kwake. Akimaliza, sheria ni moja: alizibe tundu kwa mkono wake, kwa kipande cha mgomba na udongo, ili bwawa lijae kwa ajili ya mwenzake wa kesho. Aliyeacha ndiva wazi amemnyang'anya jirani chakula, na adhabu yake ilikuwa kukosa zamu msimu mzima.

Basi ulikuja mwaka wa ukame mkali. Siku ya zamu yake, Mchungaji Elisafi alikuwa akinywesha mahindi, mara akaja mjumbe mbio kumwita: mama mmoja wa mtaa wa mbali anakata roho, naye anaomba sala. Mchungaji aliliacha jembe pale pale mferejini akaenda. Alisema moyoni, nitapitia ndiva niizibe. Lakini njia ya mkato ya kwenda kwa mgonjwa haipiti ndiva, na miguu yake ilishika njia ya mkato. Yule mama akafariki, na mchungaji akakaa huko mpaka mazishi yakaisha.

Huku nyuma ndiva ilikutwa tupu. Wazee wa maji wakakutana, wakauliza jana ilikuwa zamu ya nani. Wakaambiwa, ya mchungaji. "Kama ni ya mchungaji, basi ilizibwa," wakasema, na hakuna aliyeuliza zaidi. Swali likabaki ni nani aliyeizibua. Mtu mmoja akakumbuka kwamba jioni ile alimwona Kiariro amelala ukingoni mwa ndiva, kibuyu cha dengelua kando yake. Kiariro alikuwa mlevi wa kijiji, na pombe ile ya miwa ilikuwa imemla akili miaka mingi. Alipoulizwa, aliitafuta jioni ile kichwani mwake asiipate. "Kama si mimi, nani tena?" akasema, akainamisha uso. Wakamnyang'anya zamu yake, naye ana mke na watoto wadogo, na maharage yake ndiyo kwanza yametoa maua.

Mchungaji alirudi Jumamosi mchana. Hata vumbi hajajifuta, Kiariro alikuwa mlangoni pake, macho meupe ya mtu asiyekunywa, akapiga magoti.

"Baba Mchungaji," akasema, "safari hii pombe imenifikisha pabaya. Nimeizibua ndiva, nimewanyima watoto wa watu chakula. Kibuyu nimekivunja. Naomba kesho nirudi kundini."

Wakati ule desturi ya kanisa ilikuwa kwamba aliyetengwa na Meza ya Bwana aliketi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka siku ya kutubu na kuitwa mbele. Kiariro alikuwa amelikimbia benchi lile miaka mingi, na mchungaji alikuwa amemwombea miaka yote hiyo. Sasa mtu ameanguka miguuni pake analia, na mchungaji akaliona moyoni jembe lake mwenyewe pale mferejini, na tundu la ndiva lililo wazi. Alijua saa ile ile kwamba kosa ni lake. Akasema tu, "Nenda, mwanangu. Tutaonana kesho."

Alimwendea Sefania, mzee wa kanisa, mtu mcha Mungu na mwenye busara, akamweleza yote. Sefania akasema, "Baba Mchungaji, funga kinywa chako. Mtu huyu tumemwombea mpaka magoti yameota sugu. Ukimwambia hana kosa, kesho yuko kilabuni. Na wale wasioamini watasema nini? Tafadhali, usiiaibishe Injili."

"Na maharage ya watoto wake?"

"Kanisa litawalisha."

Msimcheke Sefania. Hakuwa mtu mwovu, na shauri lake nimelisikia katika vikao vingi vya kanisa, limevaa nguo nyingine.

Mchungaji alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Mama Nakiete, akipepeta mahindi kidogo yaliyosalia. Akamsimulia. Mama Nakiete aliweka ungo chini, akauliza neno moja tu: "Baba, hiyo toba akiipeleka kesho, Mungu ataipokea kwa kosa la nani?"

Jumapili kanisa lilijaa. Kiariro aliketi kwenye benchi la mlangoni, amevaa shati la kuazima. Saa ya kumwita mtubuji ilipofika, mchungaji alishuka kutoka madhabahuni, akapita katikati ya watu wake mpaka nyuma kabisa, akasimama mbele ya benchi lile. Watu wakageuza shingo.

"Ndugu zangu," akasema, "ndiva niliiacha wazi mimi. Kiariro hana kosa. Niliitwa kwa mgonjwa nikasahau, na hilo ni la kusahau. Lakini jana nililijua, nikamwacha aondoke analia. Hilo si la kusahau." Kisha akaketi kando ya Kiariro, akamwomba Sefania amalizie ibada.

Kiariro alimtazama mchungaji kana kwamba hamjui. Akasimama, akacheka kwa sauti. "Kumbe sikuwa mimi!" akasema, akatoka nje. Mchana ule aliimba kilabuni hadi akapotewa na sauti.

Sefania alikuja, macho mekundu kwa machozi. "Umempoteza," akasema. Nami kila ninapofika hapa nasikia uchungu. Mchungaji alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa imemfungulia mlevi mlango wa kilabu.

Wazee wa maji walimrudishia Kiariro zamu yake, wakamnyang'anya mchungaji ya kwake, na juu ya hayo wakampa kazi ya kuondoa tope lililojaa ndani ya ndiva, peke yake. Mahindi yake yalikauka yakiwa yamesimama. Kila Jumapili aliketi benchi la mlangoni, Sefania akisalisha, kwa kuwa alikuwa amesema hatapanda mimbarini kabla adhabu haijaisha. Wapitao njia walimtania, wakimuuliza kama leo amekumbuka kuziba. Naye aliitikia, "Leo nimekumbuka, ahsante," akaendelea kuchimba. Alimwombea Kiariro kama zamani.

Asubuhi moja, tope likiwa limemfika magotini, alisikia mtu akiteremka ndani ya ndiva. Alikuwa Kiariro, na jembe begani. Akaanza kuchimba kando yake.

"Baba Mchungaji," hatimaye akasema, "maharage nimevuna."

"Ashukuriwe Mungu, mwanangu."

"Siku ile nilicheka nikaenda kunywa. Lakini pombe haikunywika vizuri. Nilikuwa nawaza, huyu ameliona la kwake akalichukua mbele za watu, wala hakuna aliyemshika. Mimi nilitubu jambo nisilolikumbuka. Ninayoyakumbuka sikuyasema hata moja." Akalisimika jembe katika tope. "Lile la ndiva ulilichukua, lilikuwa lako. Leo nimekuja na yangu."

Wakapanda ukingoni, wakaketi na tope lao. Aliyoyasema Kiariro hayakusimuliwa, maana mchungaji alikwenda nayo kaburini. Linalojulikana ni kwamba Jumapili iliyofuata benchi la mlangoni lilikuwa na watu wawili, na tope la ndiva lilipokwisha, Sefania ndiye aliyewaita mbele, wote pamoja.

Ndugu zangu, kila nyumba ina mtu ambaye kosa likimwangukia hakuna atakayeshangaa. Ni rahisi kumwachia na ya kwetu, na pengine atayabeba kimya. Tusikubali. Tusiwaache wengine watubu dhambi zetu, hata kama wanatubu vizuri kuliko sisi.