Kwa Nini Reli ya Magunia Ilipinda

Kabla chuma cha reli hakijalazwa mtaa wa Magunia, mzigo wa bandarini ulifika viwandani kwa mabega ya watu na mikokoteni. Ndizo siku ambazo kijana aliyejua kusoma ramani alifuatwa kwao na kazi, akabembelezwa aichukue. Leo ukisimuliwa hayo utadhani ni habari za sungura na fisi. Siku hizo, kwenye karatasi za ofisini, reli ya mizigo kutoka bandarini hadi kiwanda cha sabuni ilikuwa imenyooka kama kamba ya mwashi.

Tabu ni kwamba kamba hiyo ilipita juu ya bomba.

Magunia nzima ilikuwa na bomba moja, nalo lilitoa maji kwa kusitasita, kama shahidi mwoga. Kwa hiyo watu walipanga ndoo alfajiri, wakaenda zao vibaruani. Asiye na ndoo ya ziada aliweka jiwe, au kandambili moja. Chombo kilisimama badala ya mwenyewe, na hakikuguswa. Wezi wa Magunia waliiba kuku, waliiba shuka kwenye kamba, hata mlango waliwahi kuung'oa. Lakini ndoo ya foleni waliipita kimya, kama wanavyopita msibani.

Aliyeshika ufunguo wa bomba alikuwa Bi Sikudhani, mjane mfupi mwenye sauti ya chini. Aliposikia kwamba bomba litang'olewa na jingine litawekwa baadaye, moyo ulimshuka. Hiyo baadaye ya ofisini aliijua. Choo cha soko kilikuwa cha baadaye tangu mumewe yu hai. Bomba jingine lilikuwa ng'ambo ya bonde, na mwenye mimba au mgonjwa asingefika huko na kurudi na ndoo. Bila bomba lile, Magunia ingehama.

Siku ya kupigilia vigingi alikuja mpima ardhi, Bwana Lutengano, kijana aliyesoma mbali, Kiingereza kikimtoka kwa wingi kuliko maji ya bomba lile. Vibarua wake wote walikuwa watu wa Magunia, chini ya nyapara aitwaye Chande. Wakaja wakipigilia, kigingi baada ya kigingi, mpaka wakakuta foleni ya ndoo imelala ikikatiza njia.

"Toeni hizo," alisema Bwana Lutengano.

"Zina wenyewe, bwana," Chande akajibu.

"Wako wapi?"

"Vibaruani."

"Chande, this is a railway. Hii ni treni, si arusi. Jioni nataka vigingi viwe vimefika kiwandani. Full stop."

"Vitafika, bwana. Ila ndoo sisogezi. Mimi nalala humu humu mtaani."

Mpima akainama, akaishika ya kwanza kwa mkono wake. Vibarua wakaweka nyundo chini. Bi Sikudhani hakuinuka alipoketi, kando ya bomba. Alijua akipiga kelele wataitwa askari, na hapo bomba limekwenda.

"Iweke, mwanangu," alisema. "Ukiitoa hiyo, kesho hapa hakuna foleni. Kesho kuna ngumi."

"Mama, mimi nina kazi."

"Na jasho pia unalo. Umekunywa maji tangu asubuhi?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Chombo unacho?"

Akatoa kikombe cha bati mkobani.

"Kiweke nyuma ya ile kandambili. Zamu yako itafika."

Labda ilikuwa kiu, labda aibu ya kutazamwa na watu wazima wasiosema kitu. Alikiweka, akasimama juani. Akaona wenye ndoo wakirudi mmoja mmoja, wengine na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, kila mmoja akienda moja kwa moja mahali pake pasipo namba wala jina. Akaona foleni nzima ikikubaliana, kwa kutikisa vichwa tu, kumtanguliza mama mwenye kichanga. Chuo hakikumfundisha hayo. Ramani aliyopewa ilikuwa imepaandika pale: eneo tupu.

Kikombe chake kilipojaa akanywa, akageuka. Vigingi vilikuwa vimesonga mbele bila yeye. Vilikuwa vimeizunguka foleni, vikapita nyuma ya chombo cha mwisho, vikarudi mstarini na kutokomea upande wa kiwanda cha sabuni.

"Chande, ni nini hiki?"

"Ulisema vifike jioni, bwana. Vimefika."

Bwana Lutengano alifungua kinywa, akatafuta Kiingereza, hakikuja. Kikamtoka kicheko. Akaitembea kona ile, akaipima, akaipima tena. Treni ingepita, mradi iende polepole. Basi akatandaza ramani juu ya goti, akaufuta mstari wake ulionyooka. Bi Sikudhani, asiyejua kusoma, alitazama ule ufutio ukienda na kurudi mpaka ukakoma. Kisha akafunga bomba kwa siku ile.

Tangu siku hiyo reli ya mizigo hutoka bandarini imenyooka, ikifika Magunia hujikunja mahali pasipo mlima wala mto, halafu hunyooka tena. Ndiyo maana treni, hata ikiwa na mabehewa arobaini ya sabuni, hupita pale kwa mwendo wa mtu mwenye ndoo kichwani. Mabomba sasa ni manne. Na dereva mgeni akipiga honi kwa papara, wanawake wa pale humjibu bila kugeuka, "Panga foleni, baba."