Zamu ya Kwanza Kisimani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ya juzijuzi tu, mbwa mwitu waliisha katika bonde la Naimarai. Swala wakazidi, wakamaliza malisho. Wazee wakaapa: atakayewarudisha mbwa mwitu, mifugo yake itakunywa kwanza kisimani kiangazi chote.

Mbwa mwitu wakarudi, na watoto tisa juu yake. Kiangazi nacho kikaja, kikali hata kisima kikatosha kundi moja tu kwa siku, kisha tope.

Nasieku, mjane, alifika na mbuzi wanne. Wa tano alikuwa amemwacha njiani, amekufa. Aliogopa, na hofu yake ilionekana.

Lemarti, mfugaji wa ng'ombe, akatangulia kudai. "Mimi ndiye niliyeliona pango la mbwa mwitu waliorudi. Sikumwambia hata mke wangu. Nikahamisha boma mbali wasisumbuliwe, ndama wangu wakafa kwa mwendo. Kama si mimi?"

Akasimama Leparit. Watu wakaguna, maana ndiye aliyewamaliza mbwa mwitu wa kwanza kwa sumu. "Niliwaua, sikatai. Ndiyo maana nilipoona mzoga umetegwa karibu na pango, niliijua sumu. Nyinyi mngepita tu. Nikaufukia kwa mikono hii." Mikono ilikuwa imebabuka. "Kama si mimi?"

"Nawe, mama?" mzee wa zamu, msimamizi wa kisima, akamuuliza Nasieku.

"Mbwa wetu ndio wanaowaambukiza kichaa wale wa mwituni," Nasieku alisema. "Nilipita boma kwa boma nikiwashika mbwa wenu wachanjwe, mkanicheka. Wangu alikuwa ameshaugua. Miaka saba alinilindia mbuzi. Nikamuua mwenyewe. Wiki ileile fisi wakaingia zizini, wakala mbuzi ishirini."

Hakudai kitu.

Wazee wakavutana. Huyu akasema siri ya Lemarti ndiyo iliyowalea. Yule akasema dawa ya moto ni moto, apewe Leparit. Mwingine akamtaja mjane. Jua likapanda, ng'ombe wakalia.

Mwishowe mzee wa zamu akaushika mwiba, tawi linaloziba njia ya birika la kunyweshea mifugo, akamkabidhi Nasieku. "Wewe pekee hujadai. Fungua, na utakayemfungulia ndiye."

Nasieku akaukamata. Mganga hajigangi, naye alilijua hilo. Akijifungulia, watasema mjane kajihukumia. Akimfungulia mwingine, atarudi nyumbani na ngozi nne. Nyuma yake mbuzi mmoja akapiga magoti, asiinuke.

Haya, mnaonisikiliza, mwiba sasa uko mikononi mwenu. Je, nani anastahili kunywa kwanza?